Sahani ya Shimba

Mimi sikutaka kwenda, na nasema hivi mapema ili msije mkadhani nilizaliwa na mapenzi ya miti. Nilikuwa mwari wa miaka kumi na minne, nimeshatiwa utawani, dunia yangu ni ua, dari na dirisha la juu linalotazama uchochoro wa Kibokoni, Mombasa. Lakini uchochoro ule ulikuwa wangu. Nilimjua kila mpitaji kwa kikohozi chake. Kisha vita vikaja, watu wakaanza kunong'ona kwamba mabomu yataangukia bandarini, na baba, aliyekuwa karani forodhani na mwoga wa kila kitu chenye mlio, akaamua mama na mimi tukakae msituni mpaka mambo yatulie.

Nyumba aliyotukodishia ilikuwa kibanda cha mbao katika milima ya Shimba, mali ya tajiri mmoja wa mbao wa mjini. Ilisemekana kilijengwa na maseremala wa zamani waliokwenda huko kukata mibambakofi ya kufanyia milango ya Mji wa Kale. Alama za tezo zao zilikuwa bado ukutani. Mlango wake haukuwa na nakshi hata moja, ila mbao zake zilikuwa zile zile za mlango wetu wa nyumbani, na mama aliupapasa akauambia, "Kumbe kwenu ni huku." Hilo ndilo neno zuri pekee alilolisema siku ile. Mengine yote yalikuwa ya siafu, ya paa la makuti lililodondosha wadudu ndani ya chai, na ya mbega waliotukalia juu ya mti wakitukodolea macho bila haya.

Siku ya tatu tukasikia hodi. Alikuwa mwanamke wa Kidigo, jirani yetu wa pekee, mwenye shamba lake chini ya mteremko. Alibeba sahani ya bati yenye ukingo wa kijani, imebanduka rangi upande mmoja, na juu yake masega ya asali yamefunikwa kwa jani la mgomba.

"Nimesikia kuna wageni," akasema, "nikaona nisije mikono mitupu."

Kwetu Mombasa sahani ya jirani ina adabu zake. Ikija na kitu, hukai nayo sana, na hairudi kwao bila ya kitu. Mama akawasha moto siku hiyo hiyo, akakaanga visheti kwa unga na sukari tulivyokuja navyo, akaijaza mpaka ukingoni. Kesho yake ikarudi na mahindi mabichi. Mama akatia vitumbua. Ikawa ile sahani haina mapumziko, inapanda na kushuka mteremko, na mbele ya macho yangu mama akawa mtu mwingine. Buibui lilitundikwa msumarini likakaa hapo mpaka likafanya vumbi. Alishuka na shoga yake huyo kijitoni kufua, kichwa wazi, na kicheko chake nikakisikia mimi kule juu kibandani. Mjini alicheka akijiziba mdomo kwa leso, maana ukuta wetu na wa majirani ni mmoja. Kicheko hiki kilikuwa kigeni kwangu. Nilimwonea wivu yule mwanamke aliyekitoa, kisha wivu ukanipotea, kwa sababu na mimi niliruhusiwa kukimbia. Kukimbia hasa, mwari mzima, mpaka pumzi zikanikatika!

Mabomu hayakuja. Aliyekuja ni baba, asubuhi moja, ghafla, juu ya lori la mbao. Hatari imepita, alisema, na tajiri anakitaka kibanda chake. Mama akaomba kwenda kuaga. Baba akasema lori halingoji. Na hata lingengoja, yule jirani alikuwa amekwenda mazikoni kijiji cha pili, na sahani yake ilikuwa kwetu, imekuja jana yake na mihogo.

"Iache mlangoni, ataiona," nikasema.

Mama akanitazama kama niliyemtukana. "Tupu? Aye aikute tupu, na siswi hatupo? Atasema ndio wema wetu ulipokoma." Akaivingirisha ndani ya leso, akaitia furushini, akiapa kwamba ataileta kwa mkono wake mwenyewe, imejaa.

Basi huko mjini sukari ilikuwa kwa kadi, na kadi zenyewe kwa foleni. Mama akatenga kopo, akawa anajinyima kwenye chai yake kijiko kwa kijiko. Kopo likikaribia kujaa, mara mgeni, mara matanga, mara Idi, likashuka tena. Dereva wa lile lori alileta mbao kila mwezi kwenye karakana ya pembeni petu, na kila akija alipita mlangoni na salamu za yule jirani wa Shimba.

"Nipe hiyo sahani, mama, niipeleke," alimwambia.

"Bado, mwanangu," mama alijibu nyuma ya pazia. "Sukari haiyatimia."

Nilikuwa nikikasirika. Mara ngapi nilimwambia atie tende, atie maandazi makavu, atie chochote, mambo yaishe! Nimechelewa sana kufahamu kwamba hakutaka yaishe. Angempa dereva ile sahani, asingebaki na sababu ya kumwambia mumewe kwamba lazima arudi.

Siku moja dereva akaja na maneno mengine. "Yule mama anasema usitafute sukari. Uje nayo hivyo hivyo ilivyo, mradi uje wewe."

Kisha nikasikia mama analia, kwa sauti, majirani wasikie wasisikie. Baba alipotoka kazini tu akamwambia: nataka kwenda Shimba. Baba, namshuhudilia, hakukataa. Alisema, "Baada ya Ramadhani, inshallah," na alisema kwa moyo safi. Mama akaitoa sahani, akaisugua kwa majivu mpaka ukingo ukang'aa, akaiegemeza dirishani. Homa ikamshika katikati ya mwezi. Ramadhani hakuimaliza; tulimzika kabla ya Idi.

Vita vilipokwisha nilikuwa nimeolewa, na mume wangu alikubali kunipeleka. Nilikaanga visheti vya mama, nikaijaza sahani, tukavuka Likoni. Kibanda kilikuwa kimeanguka paa, mlango wa mbambakofi umesimama peke yake ukiwafungia mbega. Njiani nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwambia yule mwanamke. Nilipotokeza tu shambani mwake, akaitambua sahani kabla ya kunitambua mimi. Akatupa jembe.

"Ameitimiza sukari yake!" akapiga kelele, akicheka. "Na yeye yu wapi? Yuko nyuma?"

Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijapata kuiona tena kwa mtu yeyote.

"Yuko nyumbani," nikasema. "Miguu inamsumbua. Amekusalimu sana."

Mume wangu akageuza uso akatazama miti. Yule mwanamke akavimimina visheti kwenye ungo, akaiosha sahani, akaingia ndani. Alirudi nayo ina masega ya asali, yamefunikwa kwa jani la mgomba.

"Mpelekee. Mwambie zamu ni yake, nami namngojea."

Asali ile niliila mwenyewe, kidogo kidogo, ikanichukua mwezi. Sahani ninayo mpaka leo. Mara nyingi niliijaza, na kila mara niliishia kuvigawa visheti kwa majirani wa uchochoroni, sukari ikiwa tele na barabara ikiwa wazi. Nilijua nikirudi itanibidi niseme. Na nisiporudi, kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye kwake mama yangu alikuwa amechelewa tu.