Kompyuta Iliyokosa Hewa Rwamgasa

Haya jamani, sogeeni! Na wewe mwenye muwa hapo nyuma, hebu acha kutafuna kwanza. Mimi darasa nililipita kwa nje, nikielekea machungani. Lakini kompyuta naijua mpaka utumbo wake, kwa sababu siku moja nusura niiue.

Ilikuwa hivi. Kule Rwamgasa, jirani yangu mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, linalopakana na letu alikurupuka akasema mdomo wa shimo letu uko kwenye eneo lake. Shimo lile tulilichimba watu ishirini, na nyuma ya kila mtu kuna mke, watoto na mashemeji wanaokula kuliko trekta. Afisa wa madini akaja na kile kidude cha kuongea na satelaiti, akasimama mdomoni mwa shimo, akaandika namba zake.

"Leteni ramani ya mpima," akasema. "Saa sita naondoka kwenda Runzewe. Nikiondoka sijaiona, shimo linafungwa."

Ramani! Ya karatasi mchwa walishaila, wakashiba, wakapiga na mbweu. Ilibaki ya kwenye flashi, mpima alituachia pamoja na programu ya kuifungulia. Nikatoka mbio kwa mpwa wangu, binti wa dada yangu, ana steshenari pale senta. Nilikimbia mpaka kivuli changu kikaomba maji njiani. Afisa nyuma, jirani nyuma, wachimbaji wote nyuma.

Binti akachomeka flashi, akakunja uso. "Mjomba, programu hii ni ya Windows ya zamani. Kompyuta yangu mpya inaikataa."

"Basi tumekwisha."

"Bado. Ninayo Windows ya zamani. Naiwasha humu humu, ndani ya hii mpya. Inakuwa kompyuta ndani ya kompyuta."

Jirani akanicheka. "Ngosha, sasa mmeanza uganga!"

Lakini kweli, kidirisha kikafunguka katikati ya kioo, na humo ndani kompyuta nyingine ikaanza kuamka, ina rangi zake, ina saa yake. Ila ilivyokuwa inajikongoja! Konokono angeipita, akafika, akarudi kuipa pole. Saa tano na nusu hiyo. Umeme umekatika tangu asubuhi, betri imebaki asilimia kumi na tisa.

"Mbona haiendi?" nikauliza.

"Nimeigawia memori kidogo. Memori ndiyo pumzi yake."

Pumzi! Hapo akawa amenigusa kwenye fani yangu. Sisi mtu akiwa chini, mashine ya hewa inampulizia yeye tu, wa juu hapewi hata ya kupozea chai.

"Mpe wa chini hewa yote!"

"Lakini Mjomba..."

"Lakini nini? Wewe umeshuka shimo gani?"

Wachimbaji wakadakia mlangoni: "Mpe hewa! Mpe hewa!"

Mimi ni mjomba wake, angefanyaje? Akaizima ile ya ndani, akasogeza kipimo cha memori mpaka mwisho, akaiwasha tena.

Kila kitu kikaganda. Mshale hausogei. Feni ikavuma kama mashine ya kusaga mawe, halafu hata saa ya pembeni ya kioo ikasimama. Afisa akatazama saa yake ya mkononi, akachomeka kalamu mfukoni. Mchimbaji wangu mmoja, dume la kubeba kiroba cha mawe bila kuguna, nilimwona anang'ata kola ya shati. Jasho lilinitoka la kumwagilia jaruba la mpunga.

Binti akanigeukia. "Mjomba, kule kwenu wa juu anavuta hewa ya Mungu. Hapa wa juu na wa chini wanavuta pipa moja. Umemnyonga wa juu, na yeye ndiye amembeba wa chini!"

Akabonyeza kitufe cha kuzimia, akakishikilia mpaka kioo kikawa cheusi. Akawasha upya. Asilimia tisa. Akagawa memori nusu kwa nusu. Saba. Ya nje ikatulia, ya ndani ikaamka. Tano. Nje dereva wa afisa anapiga honi, mwenyewe ameshatoa mguu mmoja mlangoni.

"Afisa, rudi! Imefunguka!" binti akaita.

Afisa akarudi, akainama. Akalinganisha namba zake na za ramani, moja moja, kidole kinatembea kwenye kioo taratibu mpaka nikatamani nikisukume.

"Shimo liko ndani ya mipaka yao," akasema, akatoa simu akaipiga picha ile ramani.

Watu walivyoruka, bati la steshenari lilihama likarudi. Jirani yangu peke yake hakuruka. Alisukuma watu, akafika mezani, akagongagonga kioo kwa kidole:

"Binti, endelea kuchimba humo! Labda chini yake kuna kompyuta ya tatu inayosema shimo ni langu!"