Nundu kwenye mpaka wa Kasungami

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi. Hii ilinikuta mwenyewe, na chumvi nimeiacha jikoni.

Nachora ramani kwa QGIS, programu ya kompyuta. Mradi mmoja wa maji ulinipa mpaka wa mtaa mmoja wa Kasungami niukate kwa gridi ya mita mia. Timu ingepita kila kiboksi, nyumba kwa nyumba, kuandikisha watakaowekewa bomba. Nyumba ikiwa nje ya mpaka, imekula kwao.

Kwa mnaoanza: geuzeni kwanza ramani iwe ya mita, huku kwetu ni zone 35 kusini. Mimi niliandika 100 ramani ikiwa bado ya digrii. Programu ikaelewa digrii mia, ikagoma, nikailaumu laptop bure.

Sasa, mpaka wenyewe ulinyooka kama rula, isipokuwa sehemu moja. Hapo unatoka nje, unazunguka kitu, unarudi. Nundu kabisa!

Nikajua tu aliyechora mkono ulimteleza. Nikafungua zana ya Simplify niunyooshe.

Kabla ya kubofya nikatazama picha ya setilaiti. Ndani ya nundu kuna nyumba moja. Nikinyoosha, inabaki nje. Nikafungua picha ya miaka ya nyuma: nyumba hakuna, kuna duara kubwa jeusi.

Duara la nini? Udadisi ukaninyima raha, nikapanda taxi kwenda kuona.

Nikamkuta Mama Ngoie, mwenye nyumba, anarudi bondeni na bidoni mbili za maji. Nikampokea moja. Tulipofika nikaegemea ukuta nipumue, nikamuuliza zamani hapa palikuwa na nini.

"Kichuguu mukubwa sana. Bazee baliweka mupaka nyuma yake. Kisha tukachimba udongo yote, tukafanya matofali."

"Na ile matofali iko wapi, mama?"

Akacheka. "Njo hii nyumba, mutoto yangu. Uko naegemea ku mupaka."

Nilicheka naye, lakini moyoni niliogopa. Ningebofya mara moja tu, mama huyu angeendelea kupanda na bidoni zake.

Nundu nikaiacha. Kiboksi chake kimekatika vibaya, kinanikera kila nikikiona. Ila timu ilimfikia, na juzi nilipopita bomba lilikuwa limesimama pale pale nilipoegemea.

Nilichojifunza: mstari ukipinda, uliza kwanza ulikuwa unazunguka nini.

Haya wakuu, kwenye ramani ya kwenu kuna kona gani ambayo hamjawahi kwenda kuitazama? Semeni.