Injini Aliyoifunga Baba

Injini ya pikipiki yangu ilipokufa, fundi wa kwanza niliyemwendea hapa Garissa aliniambia vipuri vya toleo lile la zamani haviji tena. Mimi ni muuguzi. Zahanati yangu iko kijijini, mbele ya Kotile, na kila Jumatatu hubeba chanjo kutoka mjini ndani ya kisanduku chenye barafu. Bila pikipiki sifiki. Baba yangu akasema tutafute injini ya toleo jipya, ataifunga yeye.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanza. Baba alikuwa fundi wa miaka mingi, malori kwanza kisha pikipiki, lakini sasa alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Chai alijimiminia kidole kikiwa ndani ya kikombe ajue imefika wapi. Nilimwomba tumpe mtu mwingine kazi ile.

"Aabo," akanijibu, "boliti haionwi, inashikwa."

Kwetu baba humwita mtoto wake aabo, neno lile lile mtoto analomwita yeye.

Injini ilipatikana Modogashe, kwenye pikipiki iliyokanyagwa na lori. Fremu ilikunjika, injini ikasalimika. Ilikuwa ya aina moja na yangu, ila zilipishana miaka kumi hivi. Baba aliifunga uani kwetu, mtaani Waberi, kwa siku tatu. Nyaya hazikuoana, akazikata na kuziunga moja moja huku akiniuliza rangi zake. Mashikio ya injini mpya yalikuwa membamba kuliko nafasi ya fremu, kwa hiyo akajaza pengo kwa washa, vile vipete vya chuma vinavyokaa chini ya nati. Nilimtazama akipapasa, akivuta cheni, akizitoa washa, akizirudisha, midomo ikimchezacheza. Siku ya tatu injini iliwaka kwa teke la pili. Nilimshukuru, lakini moyoni sikutulia hata kidogo. Nilikuwa nikijiona nimelala barabarani, chanjo zimemwagika mchangani.

Jumapili nikamwambia naenda kutia petroli. Nikaenda moja kwa moja kwa fundi mmoja sokoni, kijana kutoka Mwingi. Alichuchumaa akaikagua kwa utaratibu.

"Madam, nani alifunga hii?"

"Fundi tu."

"Cheki boliti ya nyuma. Washa tatu huku kushoto, moja huku kulia. Huyo mtu haoni vizuri."

Maneno yale yalinichoma, na bado nikamwambia azisawazishe. Mbili huku, mbili huku. Zikapendeza macho. Niliporudi nyumbani baba aliuliza kama inavuta vizuri. Nikasema inavuta.

Kesho yake nikaondoka alfajiri. Nilikuwa nimekwenda mwendo wa saa nzima hivi nilipoanza kusikia mkwaruzo, kama mtu anayesaga meno usingizini. Nikapunguza mwendo. Mkwaruzo ukazidi, kisha cheni ikachomoka, gurudumu la nyuma likakwama, pikipiki ikaserereka hadi kwenye vichaka. Sikuanguka. Nilibaki nimeshika usukani.

Niliirudisha cheni, nikaenda kidogo tu, ikachomoka tena. Jua lilikuwa limeshapanda. Sikuthubutu kufungua kisanduku, maana kila unapofungua, baridi hutoka. Nikampigia baba.

"Cheni inachomoka," nikamwambia.

"Haiwezi. Niliinyoosha. Washa za boliti ya nyuma zimekaaje?"

Ningeweza kudanganya. "Mbili kushoto, mbili kulia."

"Mimi niliweka tatu na moja. Injini ile lazima ikae ndani kidogo kuliko ya zamani. Ukizisawazisha, cheni inakwenda upande. Nani amezigusa?"

"Nilipeleka kwa fundi mwingine, aabo. Niliogopa."

Nilisubiri anikemee. Nilichosikia ni redio yake ikisoma habari.

"Una spana?" akauliza.

Alinielekeza hatua kwa hatua: nilegeze boliti mbili za mbele, nichomoe ile ya nyuma, nitoe washa moja kulia niihamishie kushoto. Tatizo lilikuwa uzito wa injini. Mchungaji mmoja wa mbuzi alikuwa amesimama akinitazama tangu mwanzo. Nikamwita. Alipitisha fimbo yake chini ya injini akainyanyua bila kuuliza swali. Mikono yangu ilikuwa imelowa jasho, na washa ikaniponyoka. Ikazama mchangani. Nilipiga magoti nikachekecha mchanga kwa vidole, nikiona saa zinavyokwenda, hadi yule mchungaji akasema, "Walaal, dada yangu, iko chini ya viatu vyako." Na kweli, nilikuwa nimeikanyaga.

Tulipomaliza, cheni ilinyooka kama uzi. Hata hivyo njia yote iliyobaki nilikwenda taratibu, shingo nimeipinda nikisikiliza. Kina mama walikuwa wamekaa barazani na watoto wao, wengine tangu asubuhi. Nilifungua kisanduku mbele ya mwenzangu wa zahanati. Barafu ilikuwa imebaki vipande, kipimajoto kilionyesha baridi bado inatosha. Nikaenda nyuma ya jengo nikalia kidogo, kisha nikanawa mikono nikaanza kazi.

Mwisho wa wiki nilirudi nyumbani nikamwomba baba radhi. Alikuwa akikunja mswala wake.

"Na mimi niliogopa," akasema. "Nilizihesabu zile washa mara nne. Nilifikiri nikikuambia naogopa, hutaipanda."

Nilimuuliza kama atakubali nimpeleke hospitali akatolewe ule mtoto wa jicho, jambo alilolikataa miaka miwili. Alisema atafikiria. Mama, aliyekuwa akitusikiliza jikoni, alisema keshafikiria vya kutosha, tutakwenda Jumatano.