Dada Jeli na Msuli wa Refa

Saa mbili asubuhi, Dada Jeli anamimina jeli ubavuni mwa mzee mmoja, na mzee anapiga yowe la kustahili kadi nyekundu.

"Baridi hiyo, mwanangu!"

"Pole, baba. Vuta pumzi."

Jina hilo amebandikwa na wagonjwa. Kwa miaka kumi na mmoja amewapaka jeli na kuwapima kwa ultrasound. Mashine ni moja, wodi ni tatu. Kuna siku hupima watu kumi na tisa kabla hajaonja chai.

Leo anapima kiwambo, msuli mpana uliotanda chini ya mapafu, mtumishi asiyejua likizo tangu siku tunayozaliwa. Mwenye msuli ni mzee huyo, refa mstaafu. Kwa siku tisa alipumuliwa na mashine. Sasa anapumua mwenyewe. Msuli ukiwa na unene wake, leo anarudi nyumbani. Ukiwa umesinyaa, anarudishwa chumba cha mashine. Mkewe ameshaleta viatu.

Skrini inasema milimita moja na nusu. Jumatatu zilikuwa mbili.

"Unasinyaa," anasema daktari kijana. "Tumrudishe."

Mkewe anavirudisha viatu kwenye mfuko, kimoja kimoja.

Dada Jeli anamkodolea macho mzee aliyelala chali. Kuna kitu kinamtekenya akilini.

"Baba, Jumatatu ulilala hivi?"

"Thubutu! Nikilala chali najiona nimebebwa kwa machela. Nilikaa kitako, ukaninung'unikia."

"Nikanung'unika, nisiandike kwamba ulikaa." Anamgeukia daktari. "Dokta, kosa langu. Tunamshindanisha aliyekaa na aliyelala. Ukilala, tumbo linausukuma msuli juu, unanyooka, unakuwa mwembamba. Ukikaa, unajikusanya."

Wanamketisha, daktari mwenyewe akishika mto. Milimita mbili, na chembe juu yake.

"Bao halali!" anatangaza Refa.

Saa tano anatoka kwa miguu yake, mkewe akimfuata nyuma: "Taratibu wewe, hakuna anayekukimbiza!"

Dada Jeli amebaki na rula na fomu. Anachora mstari mpya: *Mgonjwa amekaaje?* Anataka kuwapima watu arobaini wazima, kila mmoja akiwa amelala, ameketi na amesimama, ajue tofauti ni kiasi gani hasa.

Mpaka sasa amejipima yeye tu, akapata majibu matatu.

"Na mimi ni mtu mmoja," anasema, akivuta pazia. "Sasa nitalalaje usingizi kabla sijawapata hao thelathini na tisa?"