Mtoto Analala Mno

Wenzangu wangeshukuru. Mwanangu wa kwanza, kichanga ambaye hata shingo haijakaza vizuri, alianza kulala fofofo mchana kutwa, nami nikaanza kumshuku mama mkwe.

Nilikuwa nimerudi kazini Arlington, huku Marekani. Maziwa yangu niliyakamua nikamwachia mama mkwe ampe mtoto kwa chupa, ndani ya friji ya nyumba yetu ya kupanga pale Columbia Heights. Nesi wa kliniki, Mkenya mwenzangu, alikuwa ameniambia: "Dada, research imeprove. Huyu ni maziwa ya mama pekee, na alazwe chali. Tumbo lake ni dogo, lazima aamkeamke kunyonya. Akilala sana, jiulize amekula nini."

Basi nikajiuliza. Nikifika jioni, hata koti sijavua, namnusa mtoto mdomo. Nafungua nepi: choo kimekuwa kigumu. Chupa zote tupu, zimeoshwa zinang'aa. Mama mkwe anasuka kiondo chake, hanitazami.

"Amemaliza yote, mwanangu."

Nilimwalika mwenyewe kutoka kwao aje anilelee mtoto, na sasa namvizia kama mwizi. Nilichukia, tena sana.

Siku moja niliomba ruhusa nikarudi mchana. Nilimkuta dirishani akimimina maziwa yangu kwenye chungu cha maua, polepole. Kwao maziwa ya mama hayamwagwi kwenye sinki, ni mkosi. Mezani palikuwa na kijiko kidogo na bakuli la uji mwepesi wa wimbi, ule unga aliokuja nao kwenye sanduku.

"Mama! Si nilikuambia nesi alivyosema?"

"Nesi." Akaiweka chupa chini. "Hata mimi nilikuwa na nesi. Huyo wangu alisema maziwa ya kopo, kwa chupa, ndiyo ya watoto wa wasomi. Alisema wamechunguza. Nikampa kifungua mimba wangu. Aliharisha mpaka akaisha."

Miaka yote mume wangu hujiita kifungua mimba, na hakuna aliyemsahihisha.

"Uji naupika mwenyewe, nauona ukichemka," akasema. "Lakini chupa, mkono wangu unakataa kuitia mdomoni mwa mtoto. Usinilazimishe."

Nilijua nesi wangu alisema kweli. Nilijua pia kwamba nikiondoka kesho, uji utapikwa tena. Nikamwaga uliobaki, nikamweka mtoto titini, na kwa mkono mwingine nikapiga simu kazini kuwaambia sirudi tena.