Patronne Aliyekuja na Tovuti

Mke wangu anauza vitenge mtaani Asiatique. Juzi, kwa ujuaji wangu, nikalifungulia duka lake tovuti. Nilichukua ukurasa uliotengenezwa tayari, nikabadili maneno, nikanunua Fanta tuuzindue mbele ya wateja.

Akafungua simu. Mzungu wa kike alikuwa anacheka, kikombe cha kahawa mkononi. Chini yake nilikuwa nimeandika, nikimaanisha mke wangu, bosi wa duka: "Huyu ndiye patronne wetu." Picha nilisahau kuibadili.

"Huyu ni nani?"

"Amekuja na site. Mi nilimukuta tu mule ndani."

"Alimukuta ndani!" mteja mmoja akadakia. Wengine wakapiga makofi.

Mke wangu akanirudishia simu kwa vidole viwili. "Haya, baba watoto. Huyo patronne akupikie leo."

Nilimtoa yule Mzungu kwenye site kabla ya magharibi. Hakuniachia hata tone la ile kahawa.