Mdogo Wangu Hatoi Mkono

Kwetu Lubumbashi, ukifika kazini asubuhi unampa kila mtu mkono, mmoja baada ya mwingine, hata kama jana mliachana mmenuniana. Mdogo wangu hakuweza. Kuguswa kunamuumiza, basi. Shuleni kelele zilipozidi alijificha chini ya dawati, wakamrudisha nyumbani akiwa darasa la nne, na hakuna aliyetueleza ana nini.

Ila kushona alijua. Nilimpeleka kwenye atelie, karakana ya ushonaji ya mtaa wa Kamalondo ninakoshonea, nikamwomba mama mwenye atelie amruhusu aingie moja kwa moja hadi kwenye cherehani bila kumpa mtu mkono. Alikubali shingo upande. Baada ya miezi miwili wateja walikuwa wakimtaka yeye, maana hakukosea kola hata moja. Wenzetu hilo halikuwahusu.

"Mudogo yako anatuzarau," waliniambia.

"Iko vile tangu mutoto," nilijibu. Jibu la kijinga, lakini sikuwa na jingine.

Kisha mama mwenye atelie akafiwa na mama yake. Kwenye kilio wote tulipanga mstari ili tumpe mkono wa pole. Laiti ningemwacha mdogo wangu nyumbani! Nilimwambia ajikaze, leo tu. Alipofika mbele ya mfiwa alificha mikono mgongoni, akasema ukweli wake: "Siwezi kukugusa."

Wanawake waliokaa kwenye mikeka walitazamana. Mmoja akasema bila kupunguza sauti, "Anaogopa. Anajua kile alifanya."

Kilio kilipoisha, atelie nzima ilikuwa na hakika kwamba amemuua bibi kizee kwa uchawi. Mama mwenye atelie aliniita mbele ya wote.

"Mi sisemi iko mulozi. Lakini weye yaya yake, mukubwa yake, sema: arudie hapa?"

Neno moja tu lingetosha. Nilifikiria watoto wangu, nikafikiria cherehani yangu mwenyewe, nikatazama sakafu. Wakachukulia nimejibu. Naona aibu hadi leo.

Nyumbani nilimwambia kazi imepungua. Mdogo wangu hajui kudanganya, wala hajui kwamba mtu anaweza kumdanganya. Kila Jumatatu anaoga mapema, anavaa gauni la kazi, anakaa karibu na mlango.

"Yaya, kazi imerudia?"

"Bado," namjibu, kisha natoka kwenda kazini.